Sola Juu ya Mabati Yetu

Baba aliibeba sola kichwani kutoka Kawangware hadi mtaani kwetu Kisumu Ndogo, humo humo Nairobi, imefungwa kwa blanketi, na njia nzima aliwafokea watu wasimkaribie. Alikuwa fundi wa redio, na maneno hayakumpungukia. Kupanda juu, hapo ndipo alipoogopa. Kwa hiyo ni mimi, binti wa miaka kumi na miwili, niliyeifunga kwa waya juu ya mabati. Nyumba yetu ilikuwa ya juu kabisa kwenye mteremko, na nikiwa kule nilijiona nimeipita Nairobi yote!

"Hii kitu inakula jua," baba aliwatangazia wapangaji wa ploti nzima. "Mtu asiiguse."

Haraka yetu ilikuwa ya Jumapili. Kwaya ya mama ilikuwa imerekodiwa, na Jumapili saa tisa ingeonyeshwa kwenye tivii. Mama hakuwa amewahi kujiona akiimba. Kitivii tulikuwa nacho, ila betri ya gari iliyokiendesha ilikuwa imeisha moto, na sola ndiyo ingeichaji.

Ijumaa jioni baba aliipima betri. Hakuna kitu. Jumamosi saa sita, hakuna kitu. Alilaumu mawingu, akamlaumu aliyemuuzia, kisha akanituma juu nikaangalie waya.

Sola haikuonekana. Ilikuwa imeanikwa omena, wale dagaa wa ziwani, pembe hadi pembe!

Mama aliuza omena, na gunia lake lilikuwa limenyeshewa. Alikuwa amepanda stuli upande wa nyuma, paa lilikokuwa chini, akaanika.

"Si ulisema inakula jua?" alimuuliza baba. "Nikaona iko na joto kuliko mabati, nikasema itanikaushia haraka."

Nilicheka nusura nianguke. Mama, alipoelewa alichojifanyia, hakucheka. Alichukua leso yake ya kanisani akaifuta sola mwenyewe, polepole, kila pembe.

Jumapili jua liliwaka vizuri. Saa tisa majirani walitujazia nyumba, baba akaunganisha waya, na tivii ikawaka! Picha ilikuwa imebanwa kwa uchache wa moto, lakini kwaya ilikuwemo.

"Mstari wa pili!" nikapiga kelele. "Mama, ni wewe!"

Kamera ilikuwa imemfikia, uso wake mzima, mdomo wazi, macho yamefumbwa. Mama alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alijitazama bila kupepesa, machozi yakimtoka, hadi picha ikasinyaa na kuzimika.

Majirani waliguna. Yeye alibaki palepale amechuchumaa.

"Kumbe mimi ni mrembo," alisema, na hakuna aliyembishia.