Kioo cha Sukari

Nilimwambia jirani yangu kwamba mdogo wangu anakuja Juba na kioo kinachokamata sukari. Sentensi fupi, lakini makosa yake hayakuwa mafupi. Niliisema nikiwa na pini tatu mdomoni, na bado nilijiona mwanasayansi.

Mimi hushona sare za shule nyumbani kwangu Gumbo, upande wa pili wa mto kutoka mjini Juba. Nilifika kidato cha nne, na alama yangu ya biolojia mwalimu aliiandika kwa huruma. Kutoka nje sipendi. Daraja nalivuka nikilazimika, na nikirudi nawasimulia watu ya ng'ambo ya mto kama niliyetoka Ulaya. Miguu ya ukoo wetu aliirithi mdogo wangu, anayefanya kazi maabara nchi za mbali. Siku hiyo alikuwa amenipigia simu.

"Dada, tunachapisha sukari kwenye kioo," alisema, "halafu tunaangalia virusi vinashika ipi."

"Naelewa kabisa," nikamjibu.

Jirani yangu alikuwa amekaa hapo hapo, akingoja nimpunguzie gauni. Ni mama aliyekulia Uganda wakati wa vita, akarudi na Kiswahili cha huko, na sasa anauza vitunguu kando ya barabara ya Nimule. Na ana sukari. Namaanisha ule ugonjwa, na vidonge vyake huvimeza kila asubuhi. Hilo nililijua. Nililijua vizuri sana, kwa sababu chai yake naipika mimi, bila kijiko hata kimoja. Basi nilipomtafsiria ile simu, sikusema sukari ya aina gani.

"Hiyo kioo itakamata sukari?" aliuliza.

"Itakamata."

"Mungu mkubwa," akasema, akaenda zake bila gauni.

Wiki mbili zikapita. Niliona anakunywa maji jagi kwa jagi na kuviacha vitunguu kila mara akimbilie choo. Nikasema moyoni, hili joto la Juba halina adabu. Nikaendelea kushona.

Mdogo wangu alipofika, alinifungulia kipande cha kioo chembamba, kirefu kama kidole, alichokizungushia karatasi laini. Kiliharibika wakati wa kuchapishwa, ndiyo maana alikuja nacho. Nilikigeuza nikitafuta sukari. Sikuona kitu.

"Usikilambe," akaniambia.

Sikuwa nimekilamba. Nilikuwa nimekinusa tu.

Mara jirani akaingia amevaa gauni la kanisani, lile la zamani, na sasa lilimning'inia kama pazia. Akanyoosha kidole chake mbele ya mdogo wangu.

"Mimi iko tayari. Dawa niliacha wiki mbili, sukari ipande, kioo ione mzuri."

Mdogo wangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Dada, ulimwambia nini?"

"Ulichoniambia."

"Nilikuambia nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui.

Akamketisha jirani na kumweleza polepole. Sukari ya maabara si ya chai wala si ile ya damu inayopimwa kidoleni. Kila chembe hai ya mwili imevaa minyororo midogo ya sukari za aina nyingi, na virusi vingine hushika hiyo minyororo ndipo viingie. Kwenye kioo wanaweka madoa mengi, kila doa na sukari yake, wanamwagia protini ya kirusi iliyotiwa rangi ya kung'aa, kisha wanaosha. Doa litakalobaki liking'aa ndilo lililoshikwa. Virusi vya mafua ya ndege na vya mafua ya watu huenda vikapenda sukari ile ile, ila ya ndege imeunganishwa hivi na ya watu imepinda vile.

"Kama kifungo na tundu lake," nikachangia. "Kifungo cha shati hakiingii tundu la koti."

"Hiyo sawa," mdogo wangu akasema, bila kutabasamu. "Lakini mama, kioo hiki hakitibu mtu. Twende hospitali sasa hivi."

Jirani akarudisha kidole chake taratibu, kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimu akakuta hakuna mtu.

Hivyo nikavuka daraja siku ya kazi, na pini bado kifuani. Muuguzi alimpima, akasoma kipimo, akampima tena, akamtundikia dripu. Tulikaa mpaka alasiri. Mdogo wangu alitoka kununua maji ya kunywa. Nikabaki peke yangu na mgonjwa wangu, na kwa kuwa aibu hunipa maneno mengi, nikaanza upya.

"Jirani, nisamehe. Unajua, hiyo minyororo, tuseme ni vifungo, sasa virusi..."

Muuguzi akaja na vidonge. Jirani akaviweka mdomoni, akameza, akafungua mdomo ili muuguzi aone vimekwenda. Kisha akanigeukia.

"Wewe mama, shona nguo. Kitu ya sukari, acha mwenye amesoma aseme. Mimi karibu kufa juu ya mdomo yako. Kalas, imeisha."