Ugoro Chini ya Mdomo wa Mama

Mama yangu alikuwa na meno safi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliuza mboga huko Cheptiret, kando ya barabara, na kila alipotema ugoro alienda nyuma ya kibanda na kikombe cha maji, akapiga mswaki kwa chumvi mpaka povu likatoka na damu. Kisha alirudi kwa wateja akitabasamu. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na kanisa letu halikubali tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutia mdomoni. Sisi watoto tulijua. Tuliuona mdomo wa chini umefura kidogo upande mmoja, tukamfichia siri.

Baba alivuta sigara hadharani, na meno yake yalikuwa ya kahawia. Mama alimcheka kwa hilo. Alisema ugonjwa huletwa na uchafu, na yeye hakuruhusu uchafu ukae.

Baba alipofariki, Mama alihamia kwangu mjini, mtaa wa West Indies. Hapo ndipo nilipoona ameacha pilipili, na ugali wa moto anauacha upoe kwanza. Nilipomuuliza alisema ni kidonda kidogo tu. Dawa yake ikawa kusugua zaidi. Nilisikia mswaki ukikwaruza bafuni. Jino moja la mbele likaanza kucheza, likang'oka akila githeri. Hakulia. Aliliosha, akalifunga kwa tishu.

Nilimpeleka kwa daktari wa meno mjini. Alipiga mswaki kabla hatujatoka, na tulipofika akaomba kuonyeshwa choo, akapiga tena. Daktari alimuuliza kwa upole kama anatumia ugoro. Mama akakataa. Daktari hakubishana naye. Aliushusha mdomo wa chini kwa kidole, akaniita nione. Ndani palikuwa peupe, pamekunjamana kama ngozi iliyokaa majini, na katikati pamechimbika kidonda chenye kingo ngumu.

"Mama, ugoro unauweka hapa," alisema.

Mama alitazama dari. "Lakini mimi napiga mswaki kila wakati."

"Najua. Meno yako ni safi. Si meno yanayonitia wasiwasi."

Walikata kinyama kidogo wakapime. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshaingia kwenye mfupa. Hospitalini walimtoa sehemu ya taya na kipande cha mdomo. Matibabu ya mionzi yalipofuata, mate yakamkauka. Nikawa mimi wa kumsafisha, kwa mswaki laini wa mtoto na maji ya vuguvugu, na bado alitoka damu. Harufu haikuisha, naye alijua. Wageni wakibisha hodi, alijifunika leso mpaka puani.

Siku moja alikuja mwenzake wa kwaya, mama wa rika lake. Aliomba, akanywa chai. Mama hakumwondolea macho. Mwishowe alinyoosha kidole kwenye simu yangu, nikaelewa anataka tochi. Akamshika mgeni kidevu.

"Fungua," alisema, kwa shida sana.

Yule mama alinitazama mimi, si Mama. Kisha akaushusha mdomo wake mwenyewe. Nilimulika. Ule weupe ulikuwapo, mdogo, mahali palepale. Alinieleza polepole kwamba kwa miaka mingi walikuwa wakinunua ugoro pamoja na kugawana kopo moja, na kwamba Mama ndiye aliyemfundisha kusugua kwa chumvi. Mama alilia, machozi yakaingia kwenye bandeji. Akamwambia aende hospitali, na neno hilo lilitoka wazi.

Mama alifariki kabla ya mahindi kukauka shambani. Kwenye mazishi yule rafiki aliimba pamoja na kwaya. Nilimfuata baadaye, nikamuuliza kama ameonana na daktari. Alijibu kwamba hasikii uchungu wowote, na angeenda wakishamaliza kuvuna.

Mwaka huu nilisikia ameacha kuimba. Nilipopiga simu, alipokea binti yake. Alisema mama yake hawezi kuongea vizuri siku hizi, na chakula anakunywa tu. Nilimwambia amlete mjini asubuhi, nami ningewangoja kwenye steji ya matatu.

Walikuja. Yule mama alikuwa amejifunga leso usoni.