Jicho Langu na Dume Ambalo Halijachinjwa

Jumanne, tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Mawingu yalikuja kutoka upande wa Meru, yakatuangalia, yakarudi kwao.

Naandika nimeinamisha kichwa upande mmoja, maana jicho la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kufuata mwenzake. Daktari alisema bila upasuaji nitakuwa mtu wa kushikwa mkono. Tumaini langu lote liko kwa mzee wangu, baba watoto. Yeye alitumikia jeshi mpaka akastaafu vizuri, kwa hivyo hospitali ya jeshi humtibu, yeye na mke wake. Shida iko hapo kwa mke.

Wiki jana tulienda zahanati ya kambi, huku Burat. Mama wa dirishani, mwenye sare, alitupokea kwa heshima; sitaki kumsema vibaya. Aliangalia mashine yake akasema, "Afande, wewe uko. Mama haonekani."

"Si huyu amesimama hapa," mzee akasema.

"Kwa mashine, afande. Mlioana lini?"

Miaka yote hii, kanisani, sokoni, mzee hunitambulisha kama mke wake, hata mahali hakuna aliyeuliza. Siku hiyo peke yake akaamua kunyoosha mambo. Alisimama wima kama yuko gwaride. "Bado hatujamaliza. Dume halijachinjwa."

Kwetu Waturkana mwanamke anaweza kuzaa, hata akaona wajukuu, lakini siku mahari inakamilika na dume la harusi linachinjwa ndiyo siku anakuwa mke kabisa. Ng'ombe wetu walimalizwa na ukame kabla hawajafika kwa baba. Kwa hivyo mzee hakudanganya. Mimi labda ningedanganya kidogo, sijui. Lakini mimi ndiye mwenye jicho.

Mama wa dirishani aliigeukia mashine tena. Sidhani walimfundisha mambo ya dume. "Basi mama ni nani wako?"

Mzee akanitazama. Akafikiri. "Ni huyu."

Jibu hilo mashine haikuwa na mahali pa kuliweka. Yule mama akatuambia kwa upole tulete barua ya chifu, na mtu wa upande wangu aende kwa chifu aseme kwamba nimeolewa.

Njiani nikamuuliza mzee, "Si ungesema tu ndiyo?"

"Mama watoto, lile ni jeshi. Jeshi halidanganywi."

Kwetu amebaki ndugu yangu mkubwa, anayechunga upande wa Kipsing. Tulimwita, na leo amefika. Hata hakukaa chini kwanza. "Shemeji! Serikali ilikupa bunduki, na dume moja limekushinda?"

Mzee alicheka, lakini si sana. Tukamweleza habari ya macho, akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa chifu nitaenda," akasema. "Lakini nikiulizwa kama huyu ameolewa, nitasema bado. Mimi siwezi danganya serikali."

Basi nikajikuta na wanaume wawili wakweli kabisa. Kusema haki, ndugu yangu alikuwa na sababu: akishasema nimeolewa, dume lake atalidai kwa nani? Na mzee hana hata mbuzi wa kutoa badala yake. Wakaanza kusifiana kwa huo ukweli wao, mimi namimina chai nje ya kikombe.

Nilipokuwa nafuta meza maneno yakanitoka, sikuyapanga. "Sawa. Mimi sijaolewa. Basi bado niko kwa baba, na baba sasa ni wewe. Nipeleke hospitali. Nikipofuka nitahamia Kipsing, uwe unanishika mkono."

Akaniangalia. "Wanapasua jicho moja?"

"Yote mawili."

"Na watoto," mzee akaongeza polepole, kama mtu anayetaka tu hesabu ya haki. "Kama mama yao hajaolewa, hao ni wenu. Yule wa chuo pia, na karo yake."

Ndugu yangu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Ameolewa," akasema. "Huyu ameolewa sana."

Tukafika kwa chifu kabla ofisi haijafungwa. Ndugu yangu alisema kwa sauti kubwa kwamba dada yake ni mke wa huyu askari, mpaka nikaona haya kidogo kama bibi harusi. Chifu akaandika. Tulipotoka nje, ndugu yangu akamgeukia mzee. "Hiyo ni ya serikali. Dume langu liko palepale."

"Liko," mzee akasema. Wakapeana mikono.

Kesho tunarudi dirishani. Sijui kama nilimtega ndugu yangu ama nilisema tu mambo yalivyo. Nikifikiria upande wake naona kama nilimtega. Naomba Mungu mzee asiulizwe swali lingine.

Jioni tumekula ugali na maharagwe ya kuchanganya na kabeji. Ndugu yangu ameuliza nyama iko wapi.