Miti Yenye Kuitika

Watu wa Muhumba, mutaa wa Bukavu, wenye kujua asali wanamujua Colombe. Ni maman Mutwa, wa kabila la watu wa pori, mufupi, mwepesi wa kuseka. Asali yake ni nzito: inzi akitua juu yake, anabatizwa na kuzikwa papo hapo. Anaitoa katika pori la kwao, kule juu ya Katana, ambako ngagi, wale sokwe wakubwa, wanapita bila kuomba ruhusa na vinyonga ni wengi kuliko mateso ya dunia.

Asubuhi moja alifika, akakuta pori limenyamaza. Ndege hakuna, nyuki hakuna. Kila muti mukubwa ulikuwa na kidonda kibichi cha panga, alama ya kukatwa. Apollinaire, mufanyabiashara wa Bukavu, alitaka kuigeuza yote makala ya kupikia. Ilibaki tu chefu wa kilima, Papa Télesphore, atie sinye kwenye karatasi ya ruhusa.

Colombe akashuka mbio. Akamukuta chefu juani, amejifunika blanketi, mukono kwenye ubavu.

"Papa Chefu, pori ile ni yetu."

Apollinaire alikuwa pale, akacheka. "Yenu? Nyumba yenu iko wapi? Shamba iko wapi? Hata kaburi moja hamuna! Munapita tu kama moshi."

"Weye, unalamba asali yangu halafu unaniita moshi?" Colombe akamugeukia chefu. "Twende, papa. Nikuonyeshe wenye pori."

Wakapanda wote watatu, chefu akiguna kila hatua. Ukungu ukashuka mchana mweupe, mupaka kila mutu akaona mikono yake tu.

Kwa Batwa, mutoto akizaliwa porini, kitovu chake kinazikwa chini ya muti. Muti unachukua jina lake. Ukiukata, umemukata mwenyewe.

Colombe akaita jina la bibi yake, aliyekufa zamani. "Nabintu!"

"Niko," kitu kikaitika karibu, kama mutu mwenye udongo mudomoni.

"Ni mwangwi," Apollinaire akasema, meno yakigongana.

"Mwangwi unarudisha jina, papa. Hausemi 'niko'."

Akasogelea muti munene, kidonda chake kikitiririsha utomvu mwekundu. Akaita polepole, "Télesphore."

"Niko."

Sauti ilikuwa ya chefu. Kinywa cha chefu kilikuwa kimefungwa.

"Mama yako alikuzalia hapa," Colombe akasema, "mwaka wa vita ya mamersenere, wale askari wa kukodiwa, akikimbia kutoka Bukavu. Bibi yangu ndiye alikupokea. Ubavu unakuuma tangu lini?"

"Tangu walete panga," chefu akanong'ona.

Apollinaire hakungoja zaidi. Wanasema alikimbia mupaka Muhumba, akapita mulangoni kwake bila kuufungua.

Chefu akaweka kiganja kwenye gome. Ndani kulikuwa kunapiga, du, du, sawasawa na kifua chake.

"Ufunge hiki kidonda, maman. Nakuomba."

Colombe akachota udongo wa mutoni, akaushika tu. "Kwanza karatasi, papa. Iandikwe pori hii ni ya Batwa, na mutu asiikate."

"Uko mubaya, weye!"

"Ndiyo. Hata nyuki anauma."

Chefu akamupigia simu sekretere wake apande na karatasi na kashe, ule muhuri wa kilima. Akasinya pale pale, juu ya muzizi.

Ndipo Colombe akapaka udongo kwenye kidonda cha muti. Chefu, aliyesimama mbali, akaruka.

"Aïe, maman! Iko baridi!"