Anayempandisha mzee Laon kila asubuhi

Saa moja asubuhi, na nje giza la Novemba bado halijaondoka. Katika bafu dogo la ghorofa ya tatu, karibu na barabara ya Chaussée de Wavre hapa Ixelles, Brussels, Zaituni Hamissi anatumbukiza kiwiko kwenye beseni kupima joto la maji. Anaongeza ya baridi kidogo. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, amekaa mzee wa miaka themanini na saba, taulo mabegani.

“Papa, tumefika wapi?” anamuuliza kwa Kifaransa.

Mzee anafikiri. “Kituo cha treni.”

“Haya. Tunapanda kwa ngazi au kwa tramu?”

“Tramu. Mama ana mzigo.”

Zaituni anammwagia maji begani taratibu. Tramu inaanza kupanda, mashamba ya ngano yanabaki chini, paa za nyumba za kituoni zinazidi kuwa ndogo. Mzee ananyoosha mkono mwenyewe ili uoshwe.

Hakuna tramu hapo, wala mlima. Mji wanaoupanda unaitwa Laon, uko kaskazini mwa Ufaransa, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Brussels, na tramu yenyewe iliondolewa mwaka 1971. Lakini bila safari hii mzee haogi, na asipooga itabidi ahamishiwe nyumba ya kulelea wazee.

Zaituni, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mhudumu wa wazee majumbani. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, akakimbia mapigano ya mwaka 1995 akiwa binti wa shule. Alipita Uvira, Kongo, akapita kambini Tanzania, na mwaka 1999 akatua Ubelgiji. Leo anaishi na mumewe na binti yao nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Nord. Kwa mwezi hupata “mille quatre cents, ukiongeza na samedi”, yaani yuro elfu moja na mia nne pamoja na kazi ya Jumamosi, na kazi yenyewe ni ya mgongo: kuinua, kugeuza, kukausha.

Mzee anaitwa Jean-Baptiste. Ni mzaliwa wa Laon aliyekuja Brussels kijana, akaoa, akafungua duka la kutengeneza viatu Ixelles na kulifunga alipostaafu. Mke alitangulia. Kisha kumbukumbu nazo zikaanza kumtoka. Zaituni alipopangiwa kumhudumia mwanzoni mwa 2013, mzee alikuwa na ombi moja tu, asubuhi na jioni: anataka kwenda nyumbani.

Wahudumu wengi hujibu ombi hilo kwa namna mbili. Humwambia mzee kuwa nyumbani ni hapa, au humwashia televisheni. Zaituni aliona zote mbili ni utovu wa adabu.

“Kwetu mutu akisema anaenda, haumushike nguo,” anaeleza. “Haumufungie mulango. Unavaa ndala, unamusindikiza. Hata kama ni mpaka kwenye kona. Bon, mimi nikasema, huyu muzee nitamusindikiza.”

Akaanza kumsindikiza kwa maneno, akimwosha. Mzee alimpa vipande alivyokuwa navyo: barabara nyembamba iitwayo rue Châtelaine, lango liitwalo Porte d'Ardon, harufu ya mkate, ng'ombe juu ya minara ya kanisa. Hapo kwenye ng'ombe Zaituni alijua mzee amepotea moja kwa moja. Pale ambapo mzee hakuwa na kipande, yeye alijazia kwa akili yake.

Na akili yake ilikuwa ya Bujumbura. Anayeujua mji ule anajua kwamba milima iko mashariki na ziwa Tanganyika liko magharibi, na watu hawahangaiki na kulia wala kushoto: unapanda kwenda mlimani, unashuka kwenda ziwani. Wenye nacho hukaa juu. Buyenzi iko chini, kwenye tambarare. Mtoto wa Buyenzi akitoka popote mjini, nyumbani kwake ni kushuka.

Basi kila asubuhi alimwambia mzee: “Haya papa, tushuke nyumbani.”

Na kila asubuhi ilikuwa vita. Mzee alikaza mwili, akashika bomba, akapiga kelele. Alimkwaruza Zaituni mikono. Siku moja aliteleza akapasuka paji la uso. Wote waliomhudumia walikubaliana kwamba anaogopa maji, kwa kuwa wazee wengi wenye ugonjwa ule huyaogopa. Zaituni alibadilisha beseni, akabadilisha sabuni, akaleta kitambaa laini zaidi. Wapi!

Bibiane, mtoto pekee wa mzee, anafanya kazi mji mwingine na huja mwisho wa juma. Ile damu ya usoni ilimtisha. Alitafuta nafasi katika nyumba ya kulelea wazee na kuipata, baba aingie mwanzoni mwa Juni.

“Sikutaka,” anasema Bibiane. “Nilijua akitoka kwenye nyumba hii hatadumu. Lakini ningefanya nini? Ningemwacha afie bafuni?”

Alimweleza Zaituni mwezi Mei, jikoni, kwa sauti ya chini ili baba asisikie. Zaituni anakiri kwamba usiku ule hakula. Aliona ni yeye aliyeshindwa.

Kilichofuata kinamhusu Victorine, mhudumu mwenzake, mama wa Lubumbashi anayeimba kwaya ya akina mama Wakatoliki wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Ixelles. Kila Jumatatu ya Pentekoste kwaya hiyo hukodi basi kwenda kuhiji Liesse, kijiji cha Ufaransa chenye sanamu ya Bikira Maria mweusi. Njiani hupumzika Laon. Zaituni aliposikia jina hilo, aliomba kiti kwenye basi.

“Maman Zaituni, weye na foulard yako utaenda na siye kwa Bikira?” Victorine alimuuliza, na basi zima likacheka, kwa kuwa Zaituni ni Mwislamu na foulard yenyewe ni hijabu yake.

“Macho hayana pazia,” Zaituni akajibu.

“Alors, kaa ku fenêtre, ku dirisha. Muntu hakatazwe kuangalia.”

Laon huonekana kabla hujaifikia. Picardie, eneo lenye mji huo, ni nchi tambarare, mashamba mpaka upeo wa macho, halafu kwa ghafla kilima kimoja kinasimama peke yake, kama mita mia hivi, na juu yake kanisa kuu lenye minara mitano. Mji wa kale wote uko huko juu, ndani ya kuta. Chini kuna kituo cha treni na nyumba za juzi juzi.

Leo ni mji mdogo, wakazi hawafiki elfu thelathini. Lakini miaka zaidi ya elfu moja iliyopita wafalme wa mwisho wa ukoo wa Karoli walifanya makao yao hapo, wakati Paris haijawa na la kujivunia. Sababu ni kilima. Anayekikalia humwona adui akiwa bado mbali. Ndiyo maana kila jeshi lililopita pande hizo lilikitamani, na lililoshindwa kupanda lilipiga kambi bondeni, aliye juu mngoje chini. Napoleon alishindwa hapo mwaka 1814. Wajerumani walikikalia vita vya kwanza karibu vyote, wakarudi tena katika vita vya pili.

Mawe mengi ya mji yalichimbwa humo humo kilimani, kiasi kwamba chini ya barabara kuna mashimo na njia za giza. Na ng'ombe wapo. Maksai wa mawe, wakubwa, wamechungulia kutoka kwenye minara wakitazama bonde. Inasimuliwa kwamba kanisa lilipokuwa likijengwa, maksai mmoja aliyekokota mawe alichoka katikati ya mteremko. Akatokea mwingine, hakuna aliyejua wa nani, akamsaidia kukokota mpaka juu, kisha akatoweka. Wajenzi hawakuwasahau wanyama hao.

Zaituni alisimama uwanjani, shingo juu, akaangua kicheko peke yake.

“Nilimuomba muzee msamaha palepale,” anasema. “Mimi nilisema amepotea, kumbe ng'ombe wako! Na sisi Warundi ndio tunasalimiana kwa kutakiana ng'ombe. Ningekuwa wa kwanza kumuamini.”

Akina mama walipoingia kanisani, yeye alishika rue Châtelaine, akafika mpaka kwenye kuta. Alichotaka ni kuona njia ya kwenda nyumbani kwa mzee. Alitafuta upande wa kupanda, kama milima ya kwao, hakuuona. Akatafuta upande wa maji, hakuuona pia. Akazunguka ukuta sehemu kubwa. Kila upande ulikuwa chini.

Mwishowe alifika Porte d'Ardon, lango la kale lenye vijinara viwili, akatazama barabara inayoporomoka kwenda bondeni. 

“Nikajiuliza: mutu wa hapa akishuka, anaenda wapi? Anaenda mbali. Nyumbani ni huku juu. Donc mimi, kila siku, muzee ananiambia nataka nyumbani, na mimi ninamutoa nyumbani. Ninamufukuza. Miezi yote ile.”



Kesho yake, Jumanne, alijaza beseni lile lile kwa maji yale yale. Akamwambia mzee: “Papa, tupande nyumbani.”

Mzee alimtazama. Akainua mkono, akasubiri avuliwe shati.

“Bibi yupo?” aliuliza.

Zaituni hakujua bibi gani. “Twende tukaone,” alijibu. Mpaka leo anapenda kusisitiza kwamba hakumdanganya.

Jioni alimpigia Bibiane simu kumuuliza habari za bibi huyo. Bibiane akamsimulia kisa ambacho baba yake alikitaja mara moja tu maishani, siku ya mazishi ya mkewe. Mei 1940, Wajerumani walipokaribia, watu wa Laon walihama. Jean-Baptiste alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake walisukuma mkokoteni wakatoka kwa Porte d'Ardon kuelekea kusini. Bibi yake alikataa. Alikaa jikoni, akasema yeye hashuki. Waliporudi majira ya kupukutika majani walikuta ameshazikwa, na majirani hawakuweza kueleza vizuri alikufaje.

“Niliijua hadithi hiyo,” anasema Bibiane. “Na nilijua baba anapigana bafuni. Sikuwahi kuviweka pamoja. Mimi sijawahi hata kufika Laon. Ilikuwa jina kwenye pasipoti ya baba.”

Ile nafasi ya Juni aliiomba isogezwe mpaka mwisho wa kiangazi. Kiangazi kilipokwisha, mzee alikuwa anaoga kila asubuhi, na nafasi akapewa mwingine. Imepita miaka miwili na ushei.

Zaituni hadai kwamba amemponya mtu. Ziko asubuhi ambazo tramu haipandi, mzee analia na taulo linarudi likiwa kavu. Mumewe, Abdul-Aziz, humtania kwamba ameoa Mwislamu mwenye zamu ya asubuhi kanisani. Yeye hucheka tu. Anasema Mungu anajua anapeleka nani wapi.

Siku hizi mzee anachoka. Zamani walifika mpaka mlango wa bibi. Sasa huishia mwanzo wa rue Châtelaine, na sehemu kubwa ya njia Zaituni huisema peke yake. Jumamosi Bibiane huja kukaa kwenye kigoda cha bafuni na kujifunza. Alikosea mwanzoni, akalipitisha kanisa upande usio wake, na baba yake akamsahihisha. Bibiane anasema hakuna siku iliyomfurahisha kama hiyo tangu mama yake afe.

Mwandishi alipomuuliza Zaituni mipango yake, alidhani atasikia habari za duka au kozi ya uuguzi. Jibu halikuwa hilo.

Binti yake, Rayhana, ana miaka kumi na minne na amezaliwa Brussels. Siku moja Zaituni alimuuliza: ukitoka soko la Ruvumera, unafikaje kwa bibi yako Buyenzi? Mtoto alijibu, bila ubaya wowote, kwamba ataangalia kwenye simu.

“Nilicheka,” anasema Zaituni. “Halafu nikaenda chambre ya kulala nikalia.”

Walipanga kwenda Bujumbura Julai iliyopita, wakaonyeshane njia kwa miguu. Aprili mji ukawaka, risasi na vizuizi barabarani, na safari ikafa. Wataenda hali ikitulia, inshallah. Kwa sasa, Jumapili akimsuka Rayhana nywele, Zaituni humtembeza: sokoni, msikitini, kwa fundi baiskeli, quatorzième avenue, yaani barabara ya kumi na nne, mlango wa bluu. Rayhana hulalamika kwamba kichwa kinauma, lakini mama yake akiruka kona moja, huuliza.

“Mimi pia nitazeeka hapa,” anasema Zaituni, akikunja taulo la mzee. “Na siku moja nitasema nataka nyumbani. Watanijibu kwa français, watanijibu kwa flamand, wataniwashia télé. Nataka awepo hata mumoja wa kunisindikiza, anayejua kama kwetu ni kushuka.”