Supu ya Mahindi ya Madame Merle

Tangu asubuhi Constance hakuketi. Alifunika sufuria, akaifunua, akaenda dirishani kutazama barabara, akarudi jikoni kana kwamba kuna mtu anamwita. Jumapili hiyo ya Juni 1998, aliyemsingizia wizi alikuwa anakuja kula kwake.

Mtu huyo alikuwa Madame Merle, mwalimu wa chuo kutoka Trinidad, mkazi wa mtaa wa Queensburgh. Constance, mama mhamiaji wa miaka arobaini na sita kutoka Kalemie, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alimpikia kwa miaka miwili. Siku moja bangili ya dhahabu ikakosekana, naye akatolewa mlangoni pamoja na mfuko wake wa nguo. Habari ikamtangulia mjini. Kanisani, akina mama wanaopikia misiba na harusi wakamwambia apumzike kidogo. Kidogo hicho kilifika miezi minane. Akawa anasuka nywele za watu, na kila mteja alipakata mkoba wake mapajani.

Sasa bangili ilikuwa imeonekana. Madame mwenyewe alikwenda kwenye duka la simu la Marie-Jeanne, kiongozi wa wale mama wapishi, akaomba apelekwe kwa Constance.

"Aje," Constance alijibu Marie-Jeanne alipomletea ujumbe. "Nitamupikia ile supu ya kwao."

Marie-Jeanne alidhani ni ukarimu. Kumbe nyumbani kwao Constance, aliyekukosea huja kwako ukampikia, akasema kosa lake mbele ya chungu na mbele ya shahidi, ndipo aonje. Akitangulia kula, kesi imezikwa. Hutaifukua tena hata ukilia machozi ya damu. Madame hakuyajua hayo, na Constance alikuwa ameapa kutomfundisha. Neno la kufundishwa lina uzito gani?

Dengu za njano, alizozifuata kwenye maduka ya Chatsworth, zilikuwa zimelainika kama uji. Akatia boga, karoti, viazi, vitunguu na tui la nazi, kisha akaangusha pilipili moja nzima, akichunga isipasuke. Mahindi mabichi aliyakata pamoja na magunzi yake, vipande vya unene wa vidole viwili. Madonge ya unga wa ngano aliyakanda kwa hasira hata yakawa magumu kama kokoto. Akayafinyanga upya, akachungulia tena dirishani.

Wakafika, Madame na Marie-Jeanne. Madame alikuwa amekonda. Aliketi mezani, akavuta harufu, akafumba macho.

"Eish, Mama Constance, hii harufu iko inaua mutu," alisema Marie-Jeanne. "Pakua basi, njaa haina adabu."

Akapakua. Madame akashika kijiko, akakichovya.

Constance akafunika bakuli kwa kiganja. Mvuke ukamchoma, hakuuondoa mkono. Aliapa kutofundisha, hakuapa kutouliza.

"Muulize bangili aliikuta wapi."

"Mama, acha ale kwanza. Si amekuja?"

"Muulize."

Marie-Jeanne akauliza kwa Kiingereza. Madame akajibu kwa maneno mengi, macho yakiwa mezani.

"Anasema ilikuwa kutoelewana kidogo tu. Anaomba urudi kazini."

Kiingereza cha Constance kilikuwa cha jikoni, lakini kilitosha kujua lililosemwa na lililorukwa.

"Sikumuuliza kazi. Muulize, nani aliiba?"

Madame akaweka kijiko chini. Safari hii alimtazama Constance usoni, akasema polepole.

Marie-Jeanne akatafsiri. "Anasema hakuna aliyeiba. Iliangukia ndani ya bitana ya koti lake la baridi. Anasema alikuita mwizi, na wewe si mwizi."

"Umesikia?" Constance alimuuliza Marie-Jeanne.

"Nimesikia."

"Basi kanisani utawaambia wenzako, kwa kinywa kilekile kilichoniambia nipumzike."

Marie-Jeanne akainamisha kichwa. "Nitawaambia, maman."

Constance akaondoa mkono uliokuwa unamwasha, akasukuma bakuli mbele ya mgeni. Wale wawili wakala, wakinyonya magunzi bila haya. Madame alipogusia kazi tena, Constance alimjibu kwa Kiingereza, neno moja: hapana.

Alisimama kando ya jiko, akihamisha uzito mguu huu na ule, akingoja furaha. Haikuja. Ilikuja njaa, ya tangu juzi. Akajipakulia, akala akiwa amesimama.