Sufu Nyeupe Ilivyofika Chebunyo

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutafsiri Biblia kwa lugha yetu, Mchungaji Mkuu wa misheni alinipa kigoda, akafungua Maandiko ya Kigiriki. "Mimi nasoma hiki," akasema. "Wewe Mkipsigis, kazi yako ni kunizuia nisiwadanganye watu wenu." Nyinyi vijana mliokuta Biblia imeshapigwa chapa mnadhani ilishuka hivyo kutoka mbinguni. Wapi!

Tulianzia Boito, kisha tukahamishiwa Chebunyo. Kila sura tuliipima: namsomea mtu asiyejua kusoma, naye anatusimulia alichosikia. Siku moja tulipima maneno ya nabii, kutoka ile tafsiri ya kale ya Kigiriki, kwamba dhambi zikiwa nyekundu zitakuwa kama sufu. Kwa Kigiriki sufu ni *erion*. Mchungaji alinieleza kuwa kwa watu wa Biblia ilikuwa alama ya usafi. Hata katika Ufunuo, nywele za yule mtukufu ni nyeupe kama *erion*. Sisi neno hatukuwa nalo. Tukaandika "manyoya ya kondoo."

Kogo Tabutany, nyanya tuliyemsomea siku hiyo, aliyekuwa abatizwe Jumapili, akaanza kulia.

"Kogo, umesikia nini?" nikamuuliza.

"Nimesikia sijasamehewa." Akanyoosha kidole kwa kondoo wake: wekundu wote, manyoya mafupi. "Nyekundu inakuwa nyekundu, basi Mungu amefanya nini? Wakati wa njaa nilimficha mke mwenzangu wimbi. Mtoto wake akafa. Sibatizwi."

Ee, moyo uliniuma! Mchungaji akasema tungoje kikao cha kamati ya tafsiri kiamue neno.

"Bwana Mchungaji, huyu mama hali chakula. Kamati itamkuta kaburini."

Akafunga kitabu, akaniambia, "Nenda ukamtafutie sufu yenyewe aione."

Nikaenda shamba la mzungu upande wa Sotik, aliyefuga kondoo weupe wa kwao. Nikaomba ruhusa, nikachuma sufu iliyonasa kwenye seng'enge. Lakini nilipomfungulia Kogo, aibu ilinishika: ilikuwa ya kijivu, ina mafuta na mavi.

"Hii ndiyo nyeupe yenu?" akauliza.

Akaichukua, akateremka mtoni na majivu, akafua na kufua. Aliporudi ilikuwa nyeupe kama maziwa.

"Kumbe nayo ilikuwa chafu," akasema taratibu. "Imeoshwa."

Mchungaji akafungua tena Kigiriki chake. "Hata hapa Mungu anasema, nitazifanya nyeupe. Mwoshaji ni yeye."

Kogo hakumsikiliza. Alishafunga safari kwenda kwa mke mwenzake, sufu mkononi, kumweleza yote. Yule mama alisikia mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Tukajua hapo hakuna msamaha tena.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka, na lile neno tuliliandika na kulifuta mara nyingi sana. Vijana wa chuo huniuliza *erion* ina maana gani. Nawaeleza habari za usafi na msamaha, kama nilivyofundishwa. Lakini mwenyewe naiona ile Jumapili, Kogo akiingia majini kubatizwa, akijikongoja na fimbo yake, na mke mwenzake, ambaye hakuna aliyemwita, akishuka ukingoni kumshikia fimbo hiyo.